Vyaelea Vimeundwa: Visiwa vya Angani katika Hadithi na Michezo ya Vijana

Wahenga wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Walisema hivyo kwa ajili ya vyombo vya baharini, ili mtu alionaye jahazi likikata mawimbi asidhani kuwa lilijizukia lenyewe, bali akumbuke mbao, misumari, kalafati na mikono ya mafundi. Makusudi ya makala haya ni kuitumia methali hiyo kupimia mandhari moja iliyowavutia watunzi wa mataifa mengi, nayo ni kisiwa kieleacho, kiwe juu ya maji au juu ya mawingu.

Wanafunzi wetu wa sekondari hukutana na visiwa hivyo katika michezo ya video. Hukutana navyo tena darasani wanapokifungua kitabu cha Shaaban Robert, ingawa ni mara chache kuambiwa kwamba mambo hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Matokeo yake ni hasara ya pande mbili. Mzee huidharau michezo akidai kuwa ni upuuzi mtupu, na kijana hukidharau kitabu akidhani kuwa ni cha mtihani tu. Sisi twaona kwamba vyote viwili vyastahili kuhakikiwa kwa kipimo kimoja: mtunzi ametuonyesha nini kinachokibeba kisiwa chake, na nani anayelipa gharama ya kuelea kwake?

Tuanze na ziwa letu, maana kisiwa kieleacho ni jambo la kweli kabla ya kuwa hadithi. Kigongo imo katika wilaya ya Misungwi, ikitazamana na Busisi iliyo katika wilaya ya Sengerema, na kati yao pana Ghuba ya Mwanza. Kandokando ya Ziwa Viktoria, penye maji matulivu na midomo ya mito, huota mafunjo. Mashina yake hulala na kusokotana, yakashika matope na mabaki ya majani makuukuu, hata pakawa na mkeka mzito ambao mtu aweza kuukanyaga. Mkeka huo waweza kuelea bila mizizi yake kushika chini. Ziwa likijaa au tufani ikivuma, kipande chake hukatika na kuondoka pamoja na ndege na wadudu wake, kikawa kisiwa kisicho na nanga, kikienda upepo uendako.

Mwaka 2020, ziwa lilipofurika, kisiwa cha namna hiyo kilifika Jinja, nchini Uganda, kikaiziba mitambo ya bwawa la Nalubaale. Tarehe 14 Aprili umeme ukakatika nchi nzima. Magugu maji nayo, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambayo yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, huunda mikeka ya kijani yenye maua ya kupendeza macho na kuudhi wavuvi. Mapema mwaka 2025 mikeka ya magugu ililibana eneo la Kigongo na Busisi hata vivuko vikapita kwa taabu.

Hapa pana fundisho kwa mhakiki. Kisiwa cha kweli kieleacho kina uzito, kina chakula chake, kina upande kiendako, na kinapofika mahali kinamgusa mtu. Chaweza kumfungia mvuvi njia ya kurudi nyumbani, au kumzimia taa mtu aliye mamia ya maili ambaye hajapata kuliona funjo. Mtunzi anayekichukua kisiwa hicho na kukipandisha mawinguni ana ruhusa ya kukinyima maji. Hana ruhusa ya kukinyima uzito. Akikinyima uzito, hajabuni kisiwa, amechora pambo la ukutani.

Katika fasihi ya Kiswahili, kisiwa cha angani kilicho maarufu kuliko vyote ni Kusadikika, nchi aliyoibuni Shaaban Robert katika kitabu chenye jina hilo kilichotoka mwaka 1951. Nchi hiyo iko angani, na kuwako kwake ni kwa kusadiki tu. Mshtakiwa Karama anasimama mbele ya Mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Utetezi wa Karama ni habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, kila mmoja upande wake: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walikwenda pande nne za dunia, Ridhaa akapanda mbinguni, na Amini akashuka ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na badala ya shukrani akapata adhabu.

Walimu wengi huishia kuwaeleza wanafunzi kwamba Kusadikika ni fumbo la utawala wa kikoloni, na kwamba mwandishi, aliyekuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, aliificha nchi yake angani ili aweze kusema. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Kwa nini angani, wala si ng'ambo ya bahari? Nchi iliyo ng'ambo ya bahari ina pande nne tu, ila nchi iliyo angani ina pande sita, kwa kuwa ina juu na chini pia. Upande wa chini ndio ulio mgumu kwa watawala wa Kusadikika. Waliomtuma mjumbe ardhini walikubali, hata kama hawakutaka kulisema, kwamba walio juu wana jambo la kujifunza kwa walio chini. Walipomwadhibu Amini, hawakumwadhibu msafiri tu. Waliikataa ardhi iliyowapa maarifa. Mandhari yenyewe basi ni hoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Majivuno, kama jina lake lisemavyo, hawezi kuinama.

Hata hivyo, heshima tuliyo nayo kwa mshairi huyo mkubwa haituzuii kusema palipopungua. Shaaban Robert anatupa anga kisha analisahau. Baraza likianza, twasikia sauti za watu tu. Upepo hausikiki, mawingu hayapiti dirishani, wala hatuelezwi vya kutosha mvua inawanyeshea kutoka wapi na shamba lao limeshikwa na nini. Nchi hiyo inabebwa na maadili peke yake. Kwa mwandishi wa maadili hilo halikuwa kosa kubwa, lakini limewaachia wanafunzi wake mazoea ya kudhani kwamba nchi ya kubuni haihitaji kuwa na mahali.

Tutazame nje kidogo ili tupate mizani. Mwaka 1726 Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, alimpeleka msafiri wake Gulliver katika kisiwa cha Laputa. Kisiwa hicho kinaruka kwa nguvu za sumaku kubwa iliyo katikati yake, na hakiwezi kuvuka mipaka ya ufalme wa mtawala wake, kwa kuwa sumaku hiyo huvutana na madini yaliyo katika ardhi ya ufalme huo tu. Chakula hupandishwa kwa kamba kutoka chini, na maombi ya raia hupandishwa vivyo hivyo. Mji ukiasi, mfalme hukisimamisha kisiwa juu yake ili kuuzibia jua na mvua. Ukizidi kuasi, huteremshiwa mawe, na mwisho wa yote kisiwa chenyewe chaweza kuangushwa juu ya paa za watu. Ila mfalme huogopa, maana kitako cha kisiwa chaweza kupasuka. Hakuna chombo kilichoundwa vizuri kuliko hicho. Twajua kinachokibeba, twajua anayekilisha, twajua anayekaa katika kivuli chake, na twajua anachokiogopa. Siasa yote ya hadithi imo ndani ya sumaku na kamba, wala mwandishi hana haja ya kutuhubiria.

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela nao wanamkumbuka Sindbadi katika safari yake ya kwanza. Mabaharia wanashuka kisiwani, wanawasha moto wa kupikia, na kumbe kisiwa ni samaki mkubwa aliyelala siku nyingi hata miti ikamwota mgongoni. Moto unamchoma, anazama, na watu wanazama naye. Kisa ni kifupi, lakini kinakidhi kipimo chetu. Aliyewabeba alikuwa hai, nao hawakumuuliza.

Sasa tuigeukie michezo ya video, na tuihakiki kama tunavyohakiki kitabu. Mwaka 2011 kampuni ya Nintendo ya Ujapani ilitoa mchezo wa Zelda uitwao Skyward Sword. Watu wake wanaishi katika kisiwa cha Skyloft, kilichoinuliwa na mungu wa kike zamani ili kuwaokoa na maovu ya ardhini. Chini yao pametanda mawingu, na kwa muda mrefu wameishi wakidhani kwamba ardhi ni ngano tu. Shujaa hana budi kushuka. Wazo hili lina nguvu: watu wa juu waliosahau kuwa walitoka chini ni ndugu wa watu wa Kusadikika. Lakini ardhi wanayoikuta haina wananchi wanaowadai cho chote. Hakuna anayeshika kamba ya chakula. Kisiwa kinaelea kwa rehema, na rehema haina deni. Ndiyo maana mchezo huo, pamoja na uzuri wake, hauachi swali zito baada ya kuzimwa.

Mchezo mwingine ni Minecraft, uliotungwa Sweden, ambao ulimwengu wake wote ni wa matofali. Humo mchanga na changarawe huanguka visiposhikiliwa, lakini udongo na mawe hubaki vikining'inia hewani hata ukiuchimba mlima mzima chini yake. Kutokana na kanuni hiyo, mwaka 2011 mchezaji mmoja alibuni ulimwengu uitwao SkyBlock. Mchezaji anajikuta juu ya kisiwa kidogo angani, chenye mti mmoja, udongo kidogo, na sanduku lenye barafu na zaha ya volkano. Barafu ikiyeyuka hupata maji. Maji yakikutana na zaha hupata jiwe. Kwa jiwe hilo hulipanua shamba lake hatua kwa hatua. Udongo ukidondoka umepotea. Hakuna mfalme humo, wala hakuna hotuba, wala picha zake si za fahari. Hata hivyo sisi twauweka juu ya Skyloft, kwa sababu kila tofali lililo chini ya mguu wa mchezaji amelitolea jasho. Mtoto aliyeucheza kwa makini ameifahamu methali yetu kwa vidole vyake.

Hapo ndipo tunapoona pengo letu. Ukanda wa ziwa haukukosa watunzi wa visiwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kilichapishwa mwaka 1980. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa hicho hicho, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kisiwa cha Kitereza ni kisiwa kilichoshikwa barabara: twaona pombe ya ndizi inavyotengenezwa, samaki wanavyovuliwa, dawa zinavyochimbwa na wakwe wanavyosalimiana. Shaaban Robert alituachia anga lisilo na shamba. Kitereza alituachia shamba lililo imara ardhini. Mtunzi atakayeviunganisha hivyo viwili, akatuandikia kisiwa kieleacho chenye wavuvi, deni na jembe, bado twamngoja.

Na kungoja huku kuna mwisho wake. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sisi tunalifurahia daraja hilo, maana wagonjwa na mazao havingojei tena kivuko. Lakini tukumbuke kwamba abiria wa kivuko alilazimika kuyatazama maji, kuyasikia magugu yakikwaruza ubavu wa chombo, na kuzungumza na wavuvi. Kizazi kitakachovuka kwa dakika chache kioo cha gari kikiwa kimefungwa kitapita juu ya ziwa kama watu wa Laputa walivyopita juu ya miji. Maarifa ya mafunjo, pepo na mikondo yatabaki kwa wavuvi peke yao, isipokuwa fasihi iyapokee.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Kiswahili wa kanda ya ziwa, na wa kwingineko, wasiwakataze wanafunzi kuzungumzia michezo yao darasani, bali wawatake waihakiki. Kusadikika na Skyloft viwekwe kwenye meza moja. Mwanafunzi aulizwe: kisiwa hiki kimebebwa na nini? Maji yake hutoka wapi? Kivuli chake humwangukia nani? Kikianguka, nani ataumia kwanza? Baada ya hapo aandike kisiwa chake mwenyewe, na kabla hajaandika atumwe ufukweni, au kwa bibi na babu waliouzoea ufukwe, akaulize jinsi funjo linavyosokotana na kukatika. Anayejibu kwamba kisiwa chake kinaelea kwa uchawi tu, arudishiwe daftari lake, akatafute mafundi walioliunda jahazi lake.