Udongo Unaokumbuka Moto

Weka pamoja mitungi miwili ya Magdalene Odundo, mmoja wa rangi ya chungwa iliyokolea, mwingine mweusi tititi. Mtazamaji atadhani kila mmoja umepakwa rangi yake. Sivyo. Udongo ni ule ule, na uji laini wa udongo uliopakwa juu yake ni ule ule. Kilichoitofautisha ni moto. Mtungi wa kwanza ulichomwa katika tanuru lililopata hewa ya kutosha, chuma kilichomo ndani ya udongo kikashikana na oksijeni na kuiva chekundu. Wa pili ulirudishwa motoni ukiwa umefungiwa pamoja na vipande vya mbao. Hewa ikazibwa, moshi ukajaa, kaboni ikapenya kwenye ngozi ya chombo na chuma kikanyang'anywa oksijeni yake. Ipo pia mitungi yenye rangi zote mbili, weusi ukiingia ndani ya wekundu bila mpaka wowote uliochorwa na mtu. Rangi ya chombo, basi, ni taarifa ya yaliyokipata. Hapo ndipo ninapoiona kumbukumbu katika kazi hii: haimo katika picha iliyobandikwa juu ya udongo, wala katika hadithi anayopewa mtazamaji kwenye karatasi ukutani, bali katika mfuatano wa matendo ambao udongo umeushika na hauwezi tena kuuachilia.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu wengi wanaomsifu Odundo humsifu kwa jambo lingine. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusoma sanaa, akaingia chuo cha Farnham, kisha Royal College of Art jijini London, alikohitimu mwaka 1982. Maisha ya namna hiyo yanavuta maelezo mepesi: Mwafrika aliye ugenini anayeikumbuka Afrika kwa udongo. Sauti ya maelezo hayo ni tamu, lakini yanamgeuza msanii kuwa mtu wa majonzi na kuiacha kazi yenyewe bila kutazamwa. Mtu anaweza kuililia nchi yake usiku na mchana asiweze kuinua ukuta wa chungu kwa shubiri moja. Odundo anastahili sifa ya mfinyanzi kwanza, na sifa hiyo ndiyo itakayotufikisha kwenye kumbukumbu.

Hatumii gurudumu. Huanza na bonge la udongo, hulitoboa katikati na kuuvuta ukuta juu kwa mikono, kisha huongeza pindi za udongo tabaka juu ya tabaka, huku akikwangua kwa kipande cha kibuyu ili ukuta ulingane. Udongo mbichi una inda zake. Ukiharakishwa, tumbo hulegea na kuanguka kwa uzito wake. Ukicheleweshwa, pindi mpya haishikani na ile ya chini na ufa hungoja mpaka motoni ndipo ujitokeze. Hata ukikunjwa ukiwa laini kisha ukanyooshwa, hujaribu kurudi kwenye mkunjo ule unapokauka, jambo ambalo kila mfinyanzi analijua na kulihesabia. Chombo kikishakauka kiasi, kazi ndefu huanza: kusugua kwa kijiwe, kupaka uji wa udongo, kusugua tena. Chembe za udongo ni bapa, na zikikandamizwa hulala ubavu kwa ubavu na kuanza kuakisi mwanga. Mng'aro wa mitungi ya Odundo hautokani na dawa ya kioo ambayo viwanda hupaka kwenye vikombe na sahani. Ni udongo wenyewe uliolazwa sawasawa. Juu ya msingi huo huinuka maumbo yanayokaribia mwili wa binadamu bila kuuiga: shingo ndefu iliyoinamishwa kidogo, mdomo uliotanuka, tumbo lililojaa, mstari wa vinundu vidogo mithili ya uti wa mgongo. Majina anayoipa mitungi hiyo mara nyingi hutaja umbo, rangi na namna ya kuchoma tu. Nayaona majina hayo kuwa ya uaminifu mkubwa, kwa kuwa yanamwelekeza mtazamaji kwenye kile kile kilichotendeka.

Hapa pana pingamizi ambalo si la kupuuzwa. Ikiwa kumbukumbu ni alama ya matendo, mbona Odundo anazifuta? Alama za vidole hazionekani, maungio ya pindi hayaonekani. Chungu cha kawaida cha sokoni, chenye nyayo za vidole shingoni, kinaonekana kumkumbuka mtengenezaji wake zaidi. Tena, tofali nalo limepita motoni, na hakuna anayelisifu kwa kukumbuka. Pingamizi la tofali ni jepesi: tofali hupokea lolote, hakuna aliyeliamulia nini kihifadhiwe. La vidole ni zito zaidi, na jibu lake limo katika kusugua kwenyewe. Kusugua hakuondoi alama ya mkono, huiweka nyingine mahali pake, iliyo ndefu kuliko ile ya kwanza. Alama ya kidole ni ya sekunde moja. Mng'aro ni saa nyingi za mkono ule ule kupita mahali pale pale. Wala hakuna kumbukumbu inayotunza kila kitu. Wazee wanaosimulia nasaba huruka majina, na aliyeyaruka alikuwa na sababu. Odundo anachagua kupoteza dalili za haraka ili zibaki dalili za subira, na uchaguzi huo ndio unaoitofautisha sanaa yake na tofali.

Wengine huuliza kumbukumbu hii ni ya nani. Kati ya mwaka 1974 na 1975 Odundo alikwenda Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew, akajifunza kwa wafinyanzi wanawake wa pale, Ladi Kwali akiwa maarufu kuliko wote, yule aliyejenga mtungi kwa kuuzunguka kwa miguu yake badala ya kuuzungusha. Akafika pia San Ildefonso, New Mexico, kutazama vyombo vyeusi vilivyokipa kijiji hicho jina duniani kwa mikono ya Maria Martinez. Kenya, Nigeria, Wapueblo wa Marekani: je, huku si kuokoteza urithi wa watu? Historia ya Martinez mwenyewe inajibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaakiolojia waliochimba karibu na kijiji chake walimletea vigae vya kale na kumwomba atengeneze vyombo vya namna ile. Yeye na mumewe Julian walijaribu mara kwa mara mpaka wakajua namna ya kuunyima moto hewa na kupata weusi ule. Ujuzi ulikuwa umefifia, ukarudi kupitia kigae, mkono na moshi. Kumbukumbu ya ufundi hairithiwi kama shamba. Huingia kwa anayekubali kuifanyia kazi, na Odundo aliifanyia kazi mbele ya walimu aliowatambua waziwazi.

Limebaki lalamiko la wenye jiko. Mitungi hii haichoti maji, haipiki, na bei zake mnadani hazishikiki kwa mtu wa kawaida. Ni kweli, na ni haki kulisema. Mwanamke anayefinyanga vyungu vya kuuza gulioni hapati kitu Odundo anapouza London. Lakini aliyeuondoa mtungi kichwani mwa mama zetu si msanii, ni dumu la plastiki, jepesi, rahisi, lisilovunjika. Sufuria ya alumini ikafuata. Umbo lililopoteza kazi lina njia mbili: kufa, au kupata kazi nyingine. Na hata zamani vyungu vilikuwa na zaidi ya kazi ya jikoni, kwani vipo vilivyofinyangwa kwa ajili ya tambiko na mazishi, visivyowahi kuonja mboga. Sioni kwa nini mtungi uliofinyangwa utazamwe tu uhesabiwe kuwa umeasi ukoo wake.

Lalamiko hilo la bei, hata hivyo, linagusa jambo ambalo ningependa wapenzi wa Odundo walichukue kwa uzito. Vyombo vyake vimo British Museum na Metropolitan ya New York, na kila kimoja kina jina la aliyekitengeneza. Katika makumbusho hayo makubwa, vyungu vingi vya kale vya Afrika vina jina la kabila na la aliyevikusanya, huku mfinyanzi akiwa hana jina. Ladi Kwali aliponea kwa sababu mitungi yake ilikuwa katika jumba la Emir wa Abuja, Cardew akaiona; leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Kama kumbukumbu kweli imo katika matendo ya mikono, basi kila chungu kisicho na jina kilikuwa na mikono yake. Wafinyanzi walio hai magharibi ya Kenya, Wakisi wa kandoni mwa Ziwa Nyasa, na wale wa Pemba wanaweza kuandikwa majina yao leo hii, pamoja na udongo wanaouchimba na namna wanavyouchoma, kabla dumu halijamaliza kazi yake.