Shule, Ofisi na Gofu: Filamu Tatu za Rwanda kama Kazi ya Historia

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu tatu zinazohusu Rwanda, yaani Shooting Dogs (2005), Matière Grise (2011) na Imfura (2017), kwa kuziuliza maswali ambayo mwanahistoria huyauliza maandishi: nani anasema, anamwambia nani, na kipi kimeachwa. Hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya kihistoria ya filamu hutokana zaidi na swali inaloliweka mbele ya mtazamaji kuliko na usahihi wa mavazi na mandhari. Eneo la Busanza jijini Kigali linatumiwa kuipima hoja hiyo, na makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kuhusu nafasi ya Kiswahili.

Utangulizi

Kwa muda mrefu wanahistoria waliitazama filamu kwa jicho la mkaguzi: tarehe hii si sahihi, sare ile si ya mwaka ule. Marc Ferro, katika Cinéma et Histoire (1977), alihimiza filamu isomwe kama ushahidi kuhusu jamii iliyoitengeneza, hata pale inapobuni kila kitu. Robert Rosenstone, mwanahistoria aliyekuwa mshauri wa filamu Reds (1981), alikwenda mbali zaidi na kuiona filamu kuwa namna nyingine ya kuufikiria wakati uliopita, yenye kanuni zake. Katika Afrika Mashariki, Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alithibitisha kwa mfululizo wa televisheni The Africans: A Triple Heritage (1986) kwamba hoja nzito kuhusu utu na ustaarabu zinaweza kufikishwa hadi sebuleni. Hata hivyo, hoja hizo zilitolewa kwa Kiingereza, na swali la lugha likabaki wazi.

Swali hilo lina uzito wa pekee nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Busanza imo katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro. Kanombe ndiko ilikoanguka ndege ya Rais Juvénal Habyarimana tarehe 6 Aprili 1994. Katika wilaya hiyohiyo ya Kicukiro ilikuwapo shule ya ufundi ya ETO, ambapo takriban watu 2,000 walikimbilia ulinzi wa askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka, na watu walioachwa wakapelekwa Nyanza ya Kicukiro na kuuawa.

Shule: swali linaloulizwa Uingereza

Shooting Dogs, iliyoongozwa na Michael Caton-Jones, inasimulia tukio hilo la ETO, nayo ilipigwa palepale shuleni. Katika jambo hili inatofautiana na Hotel Rwanda (2004), ambayo kwa sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Kwa mizani ya mkaguzi, filamu hii inastahili sifa: mahali ni penyewe, na baadhi ya walionusurika walishiriki kuitengeneza.

Mizani ya swali inatoa matokeo mengine. Kiini cha filamu ni padri mzee na mwalimu kijana, wote wawili kutoka Uingereza, na mgogoro unaowakabili ni kubaki au kuondoka. François, mfanyakazi wa shule anayegeuka kuwa miongoni mwa wauaji, anabadilika nje ya macho ya mtazamaji. Tunaoneshwa matokeo pasipo mwendo wake. Katika tamati, Marie, msichana aliyenusurika, anasafiri hadi Uingereza kumuuliza mwalimu sababu ya kuwaacha. Swali ni la haki, na aibu ya mataifa yaliyoondoka haipaswi kufutwa. Lakini likiwa ndilo swali la mwisho, mtazamaji wa Kigali, Bukavu au Mwanza anaachiwa nafasi ya msikilizaji wa toba ya mtu mwingine. Swali gumu zaidi kwa jirani, yaani ilikuwaje mkono uliofagia darasa ukashika panga, halipati nafasi.

Kinyume chake, majina ya watengenezaji yanapopita mwishoni, baadhi ya wafanyakazi wa filamu walionusurika wanaoneshwa pamoja na maelezo mafupi ya yaliyowapata. Dakika hizo chache, ambazo watazamaji wengi huwa wamekwisha kusimama, ndizo zinazomweka Mnyarwanda katikati ya simulizi.

Ofisi: mshauri wa sera akiwa mhusika

Inaweza kujibiwa kwamba filamu za wageni zilikuja kwa sababu wenyeji hawakuwa na uwezo wa kutengeneza zao. Jibu hilo lina ukweli nusu. Eric Kabera alishirikiana na Nick Hughes katika 100 Days mapema mwaka 2001. Nusu ya pili ya ukweli inafichuliwa na Kivu Ruhorahoza katika Matière Grise. Mhusika wake, Balthazar, ni mtengeneza filamu anayetafuta fedha za kutengeneza kazi inayohusu kiwewe baada ya mauaji ya kimbari. Ofisini anaelezwa kwamba fedha zipo kwa mada za kinga dhidi ya Ukimwi na ukatili wa kijinsia.

Onyesho hili linawahusu moja kwa moja washauri wa sera. Afisa huyo hakuchorwa kama mtu mwovu: mada anazozitaja ni za maana. Kosa lake ni kudhani kwamba manufaa ya kazi ya sanaa hujulikana kabla haijatengenezwa. Ruhorahoza anaijibu dhana hiyo kwa muundo wenyewe: filamu iliyokataliwa inaanza kuchezwa ndani ya filamu tunayoitazama, ikiwa na mtu aliyefungiwa peke yake na ndugu wawili waliobeba kumbukumbu zisizobebeka. Ugumu wa muundo huo umewachosha baadhi ya watazamaji. Hata hivyo, orodha ya mada zilizoidhinishwa isingeweza kutoa picha kama hiyo ya akili iliyojeruhiwa.

Gofu: nani anamiliki kumbukumbu

Imfura ya Samuel Ishimwe, filamu fupi iliyotunukiwa Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 2018, inahamisha swali kutoka kwa walioondoka hadi kwa waliobaki na mali. Kijana Gisa anafika kijijini kwa mama yake, aliyetoweka wakati wa mauaji. Nyumba ya mama imebaki gofu, na gofu hilo ni chanzo cha mgogoro wa kifamilia. Katika Kinyarwanda, imfura ni kifungua mimba, na pia ni mtu muungwana. Jina moja linabeba haki ya kurithi na wajibu wa kutenda kiungwana, na mvutano wa filamu umo kati ya maana hizo mbili. Kinyarwanda huita mahali palipobomoka namna hii itongo. Kiswahili kina hame, neno lililotokana na kuhama. Mfasiri anayepitia Kiingereza au Kifaransa hana budi kuvipoteza vyote viwili, ilhali anayevuka moja kwa moja kutoka Kinyarwanda hadi Kiswahili anaikuta njia iliyokwisha kukanyagwa.

Hapa Busanza inarudi. Ndiko zilikojengwa nyumba za ghorofa kwa ajili ya wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mitaa iliyojulikana kwa jina la dhihaka la Bannyahe. Baadhi ya wenye nyumba walitaka fidia ya fedha badala ya nyumba, shauri likafika mahakamani, na ubomoaji ukakamilishwa mwaka 2022. Jambo hili halifanani hata kidogo na mauaji ya 1994, na kulifananisha nayo kungekuwa kosa la kihistoria na la kimaadili. Linalofanana ni swali la Gisa: nyumba ni kuta zinazothaminiwa kwa fedha, au ni mahali ambapo ukoo ulijitambua? Waraka wa mipango miji hujibu sehemu ya kwanza kwa tarakimu. Sehemu ya pili huhitaji simulizi.

Hitimisho na mapendekezo

Filamu hizi tatu zinapiga hatua kutoka swali la mgeni, kupitia swali la ofisi, hadi swali la mrithi. Jumuiya inayotaka raia wake waishi pamoja haina budi kuwawezesha kuuliza maswali hayo kwa lugha wanayoelewana. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, manukuu ya Kiswahili yatafsiriwe kutoka Kinyarwanda chenyewe. Pili, wasimulizi wa filamu wa mitaani, kwa mfano wa marehemu Lufufu nchini Tanzania, wachunguzwe kama wafasiri wenye ujuzi, kwa kuwa wamekwisha kuwafikia watazamaji ambao vyuo vikuu havijawafikia. Tatu, mifuko ya kugharimia filamu itenge sehemu isiyofungwa na mada. Bila hilo la tatu, Kiswahili kitapewa kazi ya kutafsiri majibu yaliyokwisha kukubaliwa, na swali la gofu litaendelea kusubiri nje ya ofisi.