Wafundishaji wa FFARS

FFARS ni mfumo wa kielektroniki wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha, ulioanza mwaka 2017 kwa ajili ya shule, zahanati na vituo vya afya vilivyo chini ya halmashauri. Katika kata kama Nyololo, wilayani Mufindi, pale barabara ya Igowole na Mgololo inapochepuka kutoka barabara kuu ya TANZAM, anayeukabili kwa mara ya kwanza mara nyingi ni mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, wala si mhasibu. Kinachomshangaza mapema ni kwamba hakuna fedha isiyo na kwao: kila shilingi ina chanzo, shughuli na kasma yake, hata ile ya kununulia sabuni.

Hapo ndipo maafisa TEHAMA na wahasibu wa halmashauri, wanaomfundisha, wanapostahili pongezi. Kabla ya kufundisha, nao huanza upya, kwa kuwa mfumo huu unafikiri kihasibu zaidi kuliko kikompyuta. Ugumu haumo kwenye vitufe. Umo kwenye usuluhishi wa benki, pale salio la daftari la fedha linapokataa kulingana na taarifa ya benki, na mfundishaji huketi na mwanafunzi wake kupitia hati za malipo moja baada ya nyingine.