Istilahi za Kazi ya Mwanamke: Uhakiki wa Kijuzuu cha Darasa la Jioni

Madarasa ya jioni ya watu wazima yana sifa moja ambayo wafasiri wa ofisini hawana budi kuionea wivu: istilahi mbaya haidumu humo hata juma moja. Mwanafunzi aliyetoka kazini saa kumi na moja, ambaye bado ana njia ndefu ya kurudi nyumbani, hakubali kubeba neno asilolielewa. Ama ataliuliza, ama atalicheka, ama ataliacha darasani na kwenda zake.

Katika darasa moja la namna hiyo mjini Dar es Salaam, lenye makarani, wauguzi, mafundi cherehani, wauza chakula na walimu kadhaa wa shule za msingi, wanafunzi wamekuwa wakisoma uhakiki wa ubepari kama ulivyoandikwa na wanawake wa Ulaya na Marekani, hasa tangu miaka ya 1970. Wanatumia kijuzuu kilichofasiriwa na walimu wao kutoka Kiingereza. Kimo kipande cha Engels cha mwaka 1884 juu ya asili ya familia. Wamo Mariarosa Dalla Costa na Selma James wa mwaka 1972, na Silvia Federici wa mwaka 1975, waliodai kwamba kazi za nyumbani zilipwe ujira. Yumo pia Angela Davis, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1981 aliikataa hoja hiyo ya ujira. Uteuzi huu ni mzuri. Makala haya hayana ugomvi na uteuzi, wala hayakusudii kuamua nani kati ya waandishi hao ana haki. Yanahusu Kiswahili walichovishwa.

Tuanze na neno linalobeba hoja nzima. Waandishi hawa wanasema kwamba ubepari hauwezi kusimama kwa kiwanda peke yake. Mfanyakazi anayeingia kiwandani asubuhi lazima awe amezaliwa, amenyonyeshwa, amelelewa, amelishwa jana usiku na kufuliwa nguo, na kesho yake awe tayari tena. Shughuli zote hizo zina jina moja katika maandishi yao, na kijuzuu kimelifasiri jina hilo kuwa "uzazi". Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Ubepari hautaki kulipia uzazi." Mwanafunzi muuguzi akisoma hivyo ataelewa, na kwa haki kabisa, kwamba tunazungumzia gharama za wodi ya wazazi. Kupika ugali si uzazi. Kuteka maji si uzazi. Kumuuguza mkwe mzee si uzazi. Hoja iliyokusudiwa kupanua maana ya kazi imebanwa ikarudi tumboni, mahali pale pale ambapo waandishi walitaka kuitoa.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno tayari, na mfasiri amelikimbia. Neno hilo ni "kuzalisha". Tumelizoea mno katika "uzalishaji mali" hata tumesahau lilikotoka: ni kitenzi cha "kuzaa" kilichopewa kiambishi cha kusababisha. Mkunga ndiye mzalishaji wa kwanza. Kiwanda kilikuja baadaye kikaazima. Engels, katika dibaji ya kitabu chake, alisema kwamba uzalishaji una pande mbili, yaani kupata mahitaji ya maisha kwa upande mmoja, na kuleta watu wenyewe duniani kwa upande wa pili. Lugha za Ulaya hulazimika kuliunga neno la kwanza na kiambishi ili kupata la pili. Kiswahili hakihitaji hayo. Twaweza kusema "uzalishaji wa mali" na "uzalishaji wa watu", au, kwa hoja ya Dalla Costa na James, "uzalishaji wa nguvukazi", na msomaji akaona mara moja kwamba ni kitenzi kimoja chenye mazao mawili. Ni nadra tafsiri kuizidi asili kwa uwazi. Hapa nafasi ilikuwepo.

Najua kwa nini ilikimbiwa. Vijana husema fulani "amemzalisha" binti wa watu, na darasa lingecheka. Na licheke. Kicheko hicho kingemfaa mwalimu kuliko kurasa tatu za maelezo, kwa maana katika sentensi hiyo ya mtaani mwanamume ndiye mtenda, na mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa amefanywa mtendwa. Darasa linalosoma kuhusu kazi isiyoonekana lingepata mfano wake bila kufungua kitabu.

Neno la pili lina mkasa unaofanana na huo. "Unyonyaji" limekaa katika siasa yetu kwa nguvu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina sehemu nzima inayoukataa. Watu wa makamo wanaikumbuka picha ya kupe na ya mirija. Lakini anayenyonya kwa asili ni mtoto mchanga, naye hanyonyi kwa uovu. Kijuzuu kinaposema "mwanamke ananyonywa nyumbani", wanafunzi wanawake hutazamana. Je, kanyonywa na mume, na mwanawe, au na mwenye kiwanda ambaye hajapata kumwona? Waandishi wenyewe wanabishana juu ya jambo hilo hilo. Dalla Costa na James wanamnyoshea kidole mwenye mtaji. Heidi Hartmann, mwaka 1979, alisisitiza kwamba wanaume nao wanafaidi. Mfasiri ameufuta ubishi huo kwa kutumia kauli ya kutendwa bila kumtaja mtenda. Silishauri kuliacha neno. Nashauri tu kwamba pale asili inapomtaja anayenyonya, tafsiri isimfiche.

Kwa jumla istilahi zetu za siasa ya uchumi zimekopa sana kutoka mwili wa mama: kuzaa, kunyonya, hata "chanzo na matunda". Zimeupa uchumi wa shamba na kiwanda lugha hai kuliko ile ya vitabu vya kigeni. Lakini zilipokwisha kukopa, hazikurudi kumwuliza mwenye mali anaitaje kazi yake.

Hapo tunafika kwenye neno "kazi" lenyewe, na hapa watumishi wa serikali wana sehemu yao. Kijuzuu kinatumia "kazi" na "ajira" kana kwamba ni visawe. Katika ukurasa mmoja mwanamke wa nyumbani "hana kazi". Katika ukurasa unaofuata "kazi yake haina mshahara". Sentensi hizi mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, na mwanafunzi aliyeuliza ni ipi aifuate alistahili jibu. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, katika kikao chake cha 19 cha mwaka 2013, ulitenganisha kazi na ajira: kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa wengine au kwa matumizi ya nyumbani, na ajira ni ile inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Kiswahili kilikuwa na maneno hayo mawili muda mrefu kabla ya kikao hicho. Ni fomu zetu zilizoyachanganya. Azimio halikuyachanganya, liliposema kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, halikuwa likizungumzia watu walioajiriwa.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni suala la wapenda maneno tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama, inapogawa mali iliyopatikana katika ndoa, itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka kadhaa majaji waligawanyika juu ya neno hilo moja la mwisho. Wako waliosema kwamba mke aliyepika na kulea ametimiza wajibu wake wa ndoa tu, hivyo hana mchango. Wako waliosema kwamba kupika na kulea ni kazi. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kufuata maoni ya pili: shughuli za nyumbani zimo ndani ya mchango unaotajwa na sheria. Nyumba na mashamba yaliyogawanywa tangu wakati huo yamegawanywa kwa maana ya neno. Basi mfasiri anayeandika "mama huyu hana kazi, anakaa nyumbani tu" ajue kwamba anaandika, bila kukusudia, hukumu ya upande ulioshindwa.

Na "matunzo" je? Kijuzuu kimelitumia kwa ajili ya shughuli za kuangalia watoto, wagonjwa na wazee. Kwa mazungumzo ya kawaida ni sawa. Lakini mahakamani na katika ofisi za ustawi wa jamii, matunzo ni fedha ambayo aghalabu baba hudaiwa kwa ajili ya mtoto. Mwanafunzi karani, anayepiga chapa barua za namna hiyo mchana kutwa, atasoma "wanawake hutoa matunzo bila malipo" na kudhani kuna kosa la uchapaji. Heri "utunzaji", ambalo linataja tendo, na fedha ikaachiwa "matunzo" yake.

Jambo la ajabu zaidi ni majina ya watendaji. Kiswahili humwita mtu kwa kitendo chake: anayelima ni mkulima, anayevua ni mvuvi, anayeshona ni mshonaji. Apikaye hotelini ni mpishi, afuaye kwa malipo ni dobi, alaye mshahara kwa kulea mtoto wa mwenziwe ni yaya. Yule afanyaye yote matatu kwake bila malipo anaitwa "mama wa nyumbani". Jina hilo latuambia mahali alipo, halituambii anafanya nini. Ni jina la anwani. Wala hatuwezi kumwita "mfanyakazi wa nyumbani", maana jina hilo limekwisha chukuliwa na aliyeajiriwa. Kijuzuu kinatumia yote mawili kwa kupokezana, na katika sura ya Angela Davis jambo hilo linaleta hasara kubwa, kwa sababu hoja yake inategemea tofauti hiyo. Anakumbusha kwamba wanawake weusi wa Marekani walifanya kazi za nyumba za wazungu kwa ujira kwa vizazi, na ujira huo haukuwakomboa. Kwa hiyo haoni kwamba dawa ni kuwalipa wanawake wote wabaki jikoni. Msomaji wa Kiswahili hapati kujua ni jikoni kwa nani.

"Ubepari" nalitaja kwa ufupi. Bepari, katika lugha za Kihindi tulikolitoa, ni mfanyabiashara, na harufu ya duka haijalitoka. Muuza chakula mmoja darasani aliuliza kama yeye naye ni bepari, kwa kuwa ananunua na kuuza. Mwalimu amjibu kwa habari ya mtaji na ujira, wala asimlaumu. Swali limetoka ndani ya neno.

Kuna pengo moja ambalo si la istilahi lakini linaharibu istilahi zote: kijuzuu hakina mfano hata mmoja wa hapa. Dalla Costa aliandika akiwatazama wake wa wafanyakazi wa Italia. Nasi tulikuwa na manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa ukoloni yaliwaleta wanaume kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba, yakawalipa ujira wa mtu mseja, kwa kuwa mke aliyebaki kijijini alilima na kujilisha yeye na watoto, na akampokea mume alipochoka au kuugua. Jembe la mke lilifidia sehemu ya ujira ambayo mwenye shamba hakuilipa. Mfaransa Claude Meillassoux aliieleza hali ya namna hiyo katika Afrika mwaka 1975. Kwa mfano huo, "uzalishaji wa nguvukazi" lingeeleweka hata kwa asiyejua kiwanda. Tahadhari moja tu: "nguvukazi" lina kumbukumbu yake. Mwaka 1983 kampeni ya jina hilo iliwaondoa mijini watu walioonekana hawana kazi inayotambulika na kuwapeleka vijijini. Wazee darasani watalisikia kwa sikio hilo, na mwalimu aseme wazi kwamba hapa ni uwezo wa mtu kufanya kazi.

"Mfumo dume" limekwisha enea na sioni faida ya kulipinga, ingawa dume kwa asili ni mnyama, na wako wanaume wanaojificha nyuma ya neno hilo wakidai limewatukana. "Ufeministi" nalo liachwe lilivyo. "Utetezi wa wanawake", ambalo kijuzuu kinalitumia, linamfanya mwanamke mshtakiwa mwenye wakili.

Linabaki "mahari". Katika kipande cha Engels mfasiri ameongeza tanbihi inayolieleza kuwa "bei ya mke". Mwanafunzi wa kutoka pwani, ambako mahari kwa sheria ya Kiislamu ni haki ya bibi arusi mwenyewe, na yule wa kutoka Mara, ambako ng'ombe huenda kwa baba, hawakubaliani hata kidogo juu ya nani kauziwa nini. Tanbihi hiyo iondolewe, neno "mahari" libaki peke yake, na wawili hao wapewe nusu saa ya kipindi.