Wa Njano Hakusema Kitu

Bodaboda watatu wameegesha pikipiki zao Kibamba, wakisubiri abiria wa kwenda Mloganzila. Mmoja kavaa fulana nyekundu, wa pili ya bluu, wa tatu ya njano. Kila mmoja ama ni mkweli, na kila asemalo ni kweli, ama ni mwongo, na kila asemalo ni uongo. Wa nyekundu anasema: “Wa bluu na wa njano ni wa aina moja.” Wa bluu anasema: “Wa nyekundu ni mwongo, na wa njano ni mkweli.” Wa njano hasemi kitu. Nani mkweli, nani mwongo?

Chemshabongo hii niliikuta kwenye ubao wa jirani yangu, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, ambaye jioni hufundisha twisheni barazani kwake. Wanafunzi wake ni wa kidato cha tano, wengi wao wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na kwenye hisabati ya ngazi hiyo mada ya mantiki ipo: kauli, viunganishi, majedwali ya ukweli, hadi saketi za umeme. Vijana walipoona watu watatu wakaanza kupiga mistari ya jedwali. Kila mtu ana hali mbili, kwa hiyo watatu wanatoa mistari minane. Jedwali halidanganyi, na kwenye mtihani linaokoa. Ila watu wakifika kumi mistari ni 1,024, na kabla ya hapo mkono umeshachoka na jicho limeshaanza kuruka.

Mwalimu hakugusa jedwali. Alisoma kauli zote mbili, akarudia, chaki ikiwa bado mkononi. Huo ukimya wake si wa kutafuta jibu. Anatafuta pa kushika. Alimshika wa nyekundu, kwa sababu wa bluu naye amemtaja: ukiamua hali ya wa nyekundu, kauli ya pili nayo inatikisika papo hapo. Ukianza na wa njano, ambaye hakufungua mdomo, utapapasa.

Akaandika: tuseme wa nyekundu ni mwongo. Basi wa bluu na wa njano ni wa aina tofauti. Tuseme tena, ndani ya hiyo, wa bluu ni mkweli. Maneno yake yote ni kweli, kwa hiyo wa njano ni mkweli. Wote wawili wakweli, aina moja. Na tulisema ni tofauti. Haiwezekani. Basi wa bluu awe mwongo. Kauli yake ina vipande viwili, na cha kwanza, kwamba wa nyekundu ni mwongo, ndicho tulichokishika kuwa kweli. Ili kauli nzima iwe uongo, lazima cha pili kianguke: wa njano ni mwongo. Waongo wawili, aina moja tena. Haiwezekani.

Njia zote mbili zimefungwa, kwa hiyo wa nyekundu ni mkweli. Wa bluu, aliyemwita mwongo, ndiye mwongo. Na kwa kuwa wa bluu na wa njano ni wa aina moja, wa njano naye ni mwongo. Hakutamka neno, na tumemjua kwa hakika ileile tuliyowajua nayo wenzake. Mimi hapo ndipo huona uzuri wa kazi hii.

Ninachokistahi zaidi kwa Mwalimu ni namna anavyofuta. Kila “tuseme” huisogeza ndani kidogo ubaoni, na kila kinachotokana nayo hukaa chini yake. Mgongano ukitokea, hufuta kuanzia ile “tuseme” kushuka chini, si zaidi, si pungufu. Kilichojulikana kabla kinabaki. Wengi tukikwama hufuta ubao mzima kwa hasira, au hubakiza kipande kimoja tulichokipenda, kikaja kutuharibia mbele.

Kijana mmoja alikuwa amemaliza mapema. “Mwalimu, mimi nimesema wa bluu ni mwongo, nikageuza maneno yake: wa nyekundu mkweli, wa njano mwongo. Jibu ni hilohilo.”

“Jibu ni hilo, mwanangu. Ila hujalipata, limekuangukia.”

Kwanza, uongo wa wa bluu aliudhania tu, hakuuthibitisha. Pili, na hili ndilo kubwa, kauli iliyounganishwa kwa “na” inakuwa uongo kipande kimoja tu kikiwa uongo. Kanuni hii ina jina la Augustus De Morgan, Mwingereza aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806, lakini Mwalimu aliieleza kwa saketi: taa yenye swichi mbili zinazofuatana kwenye waya mmoja huwaka swichi zote mbili zikiwashwa, kuizima inatosha kuzima moja. Anayegeuza vipande vyote viwili amezima swichi mbili pasipo kuulizwa.

Kisha akabadili neno moja ubaoni. Sasa wa nyekundu anasema wenzake ni wa aina *tofauti*. Kijana akarudia njia yake: wa bluu mwongo, basi wa nyekundu mkweli na wa njano mwongo. Waongo wawili, na mkweli kasema wako tofauti. Kwa hesabu yake, wa bluu hawezi kuwa mwongo kamwe. Kumbe anaweza: wa nyekundu mkweli, wa bluu mwongo, wa njano mkweli, kila kauli inakaa mahali pake. Njia iliyompa jibu sahihi dakika chache nyuma ndiyo hiyohiyo iliyomnyang'anya jibu halali.

Raymond Smullyan, mwanamantiki wa Marekani ambaye pia alifanya mazingaombwe jukwaani, alijaza wakweli na waongo wa namna hii kwenye kitabu chake cha 1978, *What Is the Name of This Book?*, na kuanzia michezo hiyo akamfikisha msomaji hadi kwenye nadharia ya mwanamantiki Gödel ya 1931. Mtunzi ana kazi ngumu kuliko mfumbuaji, maana lazima abakize mlango mmoja tu. Fumbo lililobadilishwa ubaoni lilikuwa na mitatu: lile jibu la juu, wa nyekundu peke yake mwongo, na wote watatu waongo.

Mwalimu akawaachia wao walifunge: wa njano aseme nini ili libaki jibu moja? Msichana aliyekaa karibu na ukuta akajaribu “wa nyekundu ni mkweli.” Wakapima, majibu mawili yakabaki. Akafikiri, akasema: “Basi aseme, wa bluu ni mwongo.” Kwenye jibu la pili wa njano ni mkweli na wa bluu mkweli, kwa hiyo kauli inamkana msemaji wake, likafutwa. Kwenye la tatu wa njano ni mwongo aliyesema kweli, likafutwa. Likabaki la kwanza, na Mwalimu akampa yule msichana chaki aliandike mwenyewe.