Sukari Haipandi na Mvuke

Desemba iliyopita nilipokwenda likizo kijijini, Busoga, nilikuta chupa mbili za ramu juu ya meza ya mjomba wangu. Binamu yangu anayefanya kazi Dubai ndiye aliyezileta. Kwa msomaji asiyeijua, ramu ni pombe kali ya miwa, ndugu wa waragi yetu ya Uganda, ila hii huwa imelazwa miaka katika mapipa ya mbao za mwaloni kabla ya kuuzwa. Wenzangu wengi darasani hawagusi pombe kwa sababu ya dini zao, nami sina nia ya kuwashawishi. Nataka tu kuhakiki chupa hizo mbili kama tunavyohakiki riwaya mbili za mada moja, kwa sababu moja ilinieleza kweli na nyingine ilinificha jambo.

Ya kwanza ilikuwa Appleton Estate ya Jamaika, kutoka bonde la Nassau, ambako ramu imetengenezwa tangu 1749. Lebo yake ilisema miaka 12, kilevi asilimia 43. Kwa kanuni za Jamaika umri unaoandikwa ni wa ramu changa kuliko zote zilizochanganywa ndani, kwa hiyo hakuna tone humo lenye umri chini ya miaka 12. Kazi ya uchanganyaji katika nyumba hiyo ilishikwa mwaka 1997 na Joy Spence, mkemia, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata cheo hicho katika biashara ya pombe kali.

Ya pili sitaitaja jina. Ilikuwa na tarakimu kubwa ya dhahabu shingoni, lakini neno "miaka" halikuandikwa popote. Wapo watengenezaji wanaoandika umri wa ramu kongwe iliyomo, hata kama iliyotiwa ni kidogo tu. Hilo nililijua baadaye. Siku ile niliiamini tarakimu.

Nikaanza na hiyo ya dhahabu. Ilinukia vanila, karameli na asali, na ulimini ikateleza kama sharubati. Niliipenda, sitasema uongo. Ile ya Jamaika puani ilileta ganda la chungwa, kungumanga, molasi, na kwa mbali ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mdomoni ilianza kwa ukali, ikafuata ladha ya kakao, kisha ukakasi kwenye fizi kama wa chai iliyochemka mno. Katika daftari langu niliandika hivi: "Ya dhahabu ni laini, imekomaa. Ya Jamaika ni ngumu kidogo." Huo ndio uhakiki wangu wa kwanza, na ulikuwa mbovu.

Mjomba amekuwa akipika waragi ya molasi tangu kabla sijazaliwa. Hakuonja kwanza. Alitikisa kila chupa, akatazama povu linavyokaa na kupotea, kama anavyofanya kwa waragi yake. Kisha akamimina matone ya ile ya dhahabu kiganjani, akasugua viganja mpaka kilevi chote kikaruka, akafumba na kufumbua vidole.

"Mpwa wangu, shika hapa," aliniambia. (Tulizungumza Kisoga, Kiswahili hiki ni changu.) Kiganja kilinata kama cha mtoto aliyekula mua. Akanawa, akafanya vilevile kwa ile ya Jamaika. Kiganja kikabaki kikavu, kikinukia mbao.

"Hii ya kwanza wameitia sukari," alisema. "Sukari haipandi na mvuke."

Nilinyamaza, maana nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu ramu na sikuwahi kulifikiria jambo rahisi kama hilo. Molasi ikichachuka, kisha ikachemshwa, kinachopita kwenye mrija wa shaba ni kilevi, maji na harufu. Sukari iliyosalia hubaki chini na machicha. Pipa la mwaloni hutoa rangi, vanila na ukakasi, na huleta utamu kidogo tu, usioweza kunatisha mkono. Ramu inayonata imetiwa kitu baada ya kupikwa.

Niliporudi chuoni nilibeba chupa ndogo mbili za sampuli kwa rafiki yangu wa idara ya kemia, mwenye kipimo cha kilevi, kile cha kioo kinachoelea. Kipimo hiki hupima uzito wa kimiminika: kilevi kikizidi, kinazama zaidi. Sukari iliyoyeyuka huongeza uzito, kwa hiyo hukidanganya kisome chini ya ukweli. Tulizipoza sampuli hadi nyuzi 20, maana joto nalo hudanganya. Ya Jamaika ilisoma karibu sana na 43 ya lebo. Ya dhahabu, iliyoandikwa 40, ilisoma 36. Kwa hesabu ya rafiki yangu hiyo ni sukari ya kama gramu 18 kwa lita, vijiko vya chai vinne na zaidi. Mjomba alikuwa amelisoma hilo kwa kiganja.

Kutia sukari si kosa. Umoja wa Ulaya wenyewe unaruhusu hadi gramu 20 za vitamu kwa lita katika pombe inayouzwa kwa jina la ramu. Lawama yangu ni nyingine: ule ulaini nilioudhani ni kazi ya miaka ulikuwa kazi ya kijiko, na tarakimu ya dhahabu iliwekwa pale ili nisitofautishe. Mtu akipenda kinywaji kitamu, anywe. Asitozwe bei ya uzee.

Baada ya hapo nilifuta maneno yangu juu ya ile ya Jamaika. Nilichokiita ugumu ni ukakasi, neno ambalo sisi wanafunzi tunalisahau, tukikimbilia "ladha nzuri" na "ladha kali" basi. Ukakasi wa ndizi mbichi ni kasoro. Huu wa pipa hukausha kinywa baada ya kakao, ukakuacha unatafuta mate, na harufu ya chungwa inarudi. Dosari yake ninayoiona ni moja: mwishoni mbao hushinda, na mua hausikiki tena. Mtu aliyekulia Busoga huutafuta mua. Hata hivyo, kati ya hizo mbili ndiyo pekee ambayo kila kilichomo kinywani kinaelezeka kwa kazi iliyofanyika.

Mjomba alikubali kwamba ni nzuri, ila hakukubali kwamba inafaa. Nilimweleza kuwa katika joto la Karibi pipa hupoteza karibu asilimia 6 ya kinywaji kila mwaka kwa kuvukiza, ilhali kwenye baridi ya Uskoti ni kama 2. Hilo huitwa fungu la malaika. Tulipiga hesabu pamoja: ukilaza lita 100, baada ya miaka 12 unabaki na lita 48 hivi. Akauliza nani angemlipia zile 52, na nani angemlipa mwenye molasi wakati yeye anasubiri. Mwaloni wenyewe Busoga haupo. Alisema yeye hupata siku nne za kuilaza waragi, ya tano wateja wako mlangoni na madumu.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nusu ya chupa ya Jamaika aliirudisha kabatini kwa ajili ya wageni. Ile ya dhahabu tuliimaliza kwenye chai.