Kobe alioa ao aliolewa?

Hadisi zetu zikiandikwa kwa Kifaransa, wengi wanaangalia tu kama fundisho limebaki. Sisi tunataka kuangalia kitu kingine: namna nyama wanafanywa wanaume na wanawake pasipo mtu kuuliza.

Kiswahili kinasema "alikuja", basi. Kama ni baba ao mama, msikilizaji atangoja. Ni vile pia kwa Lingala, Tshiluba na Kikongo. Majina yetu yanapangwa kwa ngeli: mtu na watu, kitu na vitu, na huku kwetu katoto na tutoto. Katoto amepunguzwa ao amependwa, lakini hakuna ngeli ya kike.

Kifaransa hakingoji. La tortue, la hyène: Kobe na Fisi ni wanawake tangu neno la kwanza. Le lièvre: Sungura ni mwanaume. Na Chui? Mfasiri akiandika le léopard, ni bwana. Akiandika la panthère, ni bibi. (Timu yetu ya taifa ni Léopards, ya Gabon ni Panthères, nyama ni yuleyule.)

Mwalimu wa Kifaransa atajibu: hiyo ni sarufi tu, hata askari mwenye ndevu anaitwa la sentinelle. Ni kweli. Lakini ndani ya hadisi nyama wanasema, wanapika, wanalipa mahari. Mtoto akisoma elle mara makumi mawili, anaona mwanamke.

Matata makubwa yanakuja kwa ndoa. Hapo Kiswahili nacho kinachagua, tena kwa ukali: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Kwa Kifaransa wote wawili "se marient". Sasa, "Kobe alioa binti wa mfalme": mfasiri aliyeanza na elle amejifunga. Akiendelea vile, batoto watacheka. Akigeuza binti kuwa kijana, ameandika hadisi ingine. Yule mdogo aliyeshinda wakubwa mpaka kupewa bibi anakuwa binti anayengoja kuposwa.

Tunaona La Fontaine anafuatwa bure. Kobe wake wa mwaka 1668 ni elle kwa sababu lugha yake ilitaka hivyo. Kobe wetu hana deni naye.

Dawa ni rahisi: kuacha jina, Kobe, na herufi kubwa, pasipo le wala la. Halafu il ao elle ifuate hadisi, si kamusi. Pahali hadisi inanyamaza, mfasiri arudilie jina, hata kama walimu watasema amelirudilia mno.